Mbuzi Watatu na Lori Lisilonguruma

Tangu nirudi sijapita mahali bila kusimamishwa. Sokoni Tala, mama wa nyanya alikataa kunirudishia chenji mpaka kwanza nimweleze. Kanisani mtu alinivuta gauni wakati wa maombi. Wote wanataka kujua mambo mawili: kama ni kweli lori letu jipya linatembea kwa stima, na kama ni kweli nilimgonga mama mkwe wa kaka yangu. La kwanza ni kweli. La pili ni uongo. Sikumgonga, nilimkuta tu, ingawa kwa wazee wa Iveti tofauti ya hayo mawili si kubwa sana. Na kwa kuwa kila anayesimulia anaongeza chumvi yake, nimeandika mwenyewe. Someni polepole, marafiki zangu, halafu mniache nipite.

Mombasa: Lori na abiria wake

Kikundi chetu cha wakulima wa maembe kilipopata lori, hakuna aliyebishana kuhusu nani aende kulichukua. Niliendesha malori kwenye barabara ya Mombasa miaka mingi kabla sijarudi shambani, na kila mtu anajua nyayo zangu huwasha. Mume wangu alisema tu, "Nenda, Nduku. Utatumalizia viti kwa kuinuka na kukaa."

Nililikuta kwenye yadi upande wa Changamwe: jeupe, la tani tatu, uso bapa kama wa mtu aliyeamshwa. Fundi wa yadi alinionyesha mahali pa kuchomeka waya, akanichorea vituo vya kuchaji kwenye kipande cha katoni: Voi, Mtito Andei, Emali, kisha nyumbani. Akanionya nisipite kituo kwa sababu ya haraka. Nikamwambia nimeelewa. Ni kama ng'ombe wa Yatta, kila penye maji anakunywa, hata kama hana kiu.

Abiria wangu alikuwa Mutiso, kaka yangu mkubwa, ambaye huchomelea vyuma huko Mombasa. Mutiso alikuwa na shida, na lazima niieleze hapa kwa sababu ndiyo iliyotuendesha njia nzima.

Yeye na Kavinya walianza maisha kwa njoo-tukae, kama wengi wa rika letu. Ntheo hakupeleka. Ntheo ni mbuzi watatu ambao Mkamba huwapeleka kwa wazazi wa msichana, na mmoja huchinjwa palepale, ili ijulikane kwamba ameoa. Mahari nyingine inaweza kungoja mpaka wajukuu waote mvi, lakini bila ntheo hujaoa, umeazima. Kila mwaka Mutiso alisema atapeleka Desemba. Desemba zilikuja, zikapita. Baba mkwe wake, Mzee Ndolo wa Iveti, hakuwahi kugombana naye. Alimwita tu "yule rafiki wa Kavinya."

Sasa binti yao Mwende alikuwa amepata mchumba, na watu wa kijana walikuwa wametuma ujumbe kwamba Jumamosi wanaleta ntheo. Hapo ndipo mila ilipomgeukia kaka yangu. Mwanamume ambaye hajatoa ntheo ya mke hawezi kupokea ntheo ya binti, kwa sababu binti bado ni wa babu yake. Kwa hiyo Mzee Ndolo alitoa habari kwamba wageni watapokelewa kwake Iveti, na yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti cha baba. Rafiki wa Kavinya, alisema, anakaribishwa kula.

Mutiso alikuwa na njia moja tu. Ilimbidi aingie lango la mzee na mbuzi watatu kabla ya wale wageni.

"Nikiingia nyuma yao," aliniambia tulipokuwa tukifunga mikanda, "nitakaa na wapishi. Siku ya mtoto wangu."

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Kwa ile katoni ya fundi, Ijumaa mchana tungekuwa Machakos. Tulicheka, tukaondoka.

Mombasa hadi Voi: Korosho

Jambo la kwanza lililonishtua ni kimya. Zamani nilijua nilipo kwa kusikia. Mariakani gari lilikohoa, Taru liliimba, na ukifika Maungu gia ya tatu ililia kwa namna ambayo hata ukisinzia ungejua ni Maungu. Sasa nilisikia matairi, upepo, na Mutiso akitafuna korosho. Nilimwomba atafune kwa upande mmoja.

Maungu nilipunguza mwendo kumtafuta mama mmoja aliyekuwa akituuzia maharagwe ya nazi kwenye sufuria nyeusi. Pale alipokaa sasa pana kituo cha mafuta kinachong'aa. Nililisimamisha lori mbele ya pampu ili nitazame vizuri, na mhudumu akaja mbio na mpira wake. Alizunguka gari lote akitafuta mahali pa kutia dizeli. Nilipomwambia hapana, alininunia kama mtu aliyekaribishwa chakula halafu sahani ikaondolewa.

Voi tulifika vizuri, na kituo cha kuchaji tulikiona mara moja, nyuma ya hoteli. Kilikuwa na waya mmoja, na ule waya ulikuwa ndani ya gari dogo jekundu. Mwenye gari, askari wa hoteli alitueleza kwa fahari, ameenda kuona ndovu. Atarudi ndovu wakiisha.

Tukangoja. Tuliagiza chakula. Mimi nilikula ugali na mbuzi wa kuchemsha, Mutiso akakataa mbuzi akachukua kuku. Alisema wiki hii hataki kuwaudhi.

Madereva wa malori makubwa walianza kukusanyika, mmoja mmoja, na vijiti vya meno mdomoni. Mmoja aliuliza hii gari inakula nini. Nikamwambia stima. Akauliza, na stima ikipotea? Nikasema tunalala. Akatikisa kichwa, akaniambia kwa huruma, "Mama, basi mwambie mzee wako afungue mbele tuone injini."

Mzee wangu alikuwa Mutiso. Na Mutiso, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli ya gia, aliinuka akajifuta mikono kwa utulivu, akaenda akafungua kifuniko cha maji ya kusafishia kioo. Wakaangalia ndani kwa heshima. Aliwaeleza mambo mengi kuhusu yale maji. Sikumkatiza. Mtu aliyeitwa rafiki wa Kavinya kwa miaka yote hiyo ana haki ya kuwa mwenye gari kwa alasiri moja.

Mwenye ndovu alirudi jua likizama, akaomba msamaha sana, akatuonyesha picha za migongo ya ndovu. Tulichomeka waya, tukalala hapo hapo Voi. Ijumaa tuliondoka betri ikiwa imejaa, na sisi tumechelewa nusu siku.

Voi hadi Kibwezi: Mteremko wa bure

Mtito Andei tulikuta mji mzima hauna stima. Mti ulikuwa umeangukia nyaya usiku, na watu walikuwa wamekaa vibarazani kama siku ya sikukuu. Kituo cha kuchaji kilikuwa kimelala. Mutiso alitazama saa yake, akanitazama mimi.

Nilimwambia tusingoje. Betri ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, na mimi najua kubana. Dereva yeyote wa rika langu wa barabara hii anajua siri moja: mteremko ni wa bure. Ukifika juu ya kilima unatoa gia, unaachia gari lishuke lenyewe, na dizeli inapumzika. Tajiri mwenye gari hapendi, askari hapendi, breki hazipendi, lakini tulikuwa tunafika Mombasa na mafuta ya kubaki. Kwa hiyo kila kilima baada ya Mtito nilitoa gia, tukateleza kimya kama mayai kwenye sahani. Nilijisikia msichana.

Mutiso alikuwa akitazama namba ya chaji kwenye kioo kidogo cha dashibodi. Hana kazi nyingine ndani ya gari, na hofu humfanya mtu awe mwanafunzi mzuri. Baada ya vilima vingi hivi akasafisha koo.

"Nduku. Jana tukishuka hii namba ilikuwa inapanda kidogo. Leo mbona imekaa tu?"

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa anasema kweli. Jana, kwa kuwa betri ilikuwa tele, niliendesha kama fundi alivyonionyesha, bila kutoa gia. Lori likishuka lilijivuta lenyewe nyuma, na katika kule kujivuta lilijirudishia stima. Fundi alinieleza hayo yote. Niliyasikia kama mtu anavyosikia matangazo ya kanisa. Kila mteremko niliokuwa najivunia, nilikuwa namwaga maji huku nikidhani nayaweka.

Nikarudisha gia. Lakini barabara ya kutoka pwani kuja kwetu ni ya kupanda zaidi ya kushuka, na miteremko mizuri ilikuwa nyuma yetu. Emali hatungefika. Tulipoona Kibwezi nikaacha barabara kuu bila kusema kitu, na Mutiso naye, Mungu ambariki, hakusema.

Kibwezi: Debe kwenye foleni

Stima ya nyumba lori hulinywa kwa matone; linataka ya fezi tatu, ile ya nguvu ya kuendesha mashine, na katika mji mdogo stima hiyo utaipata mahali pawili: kwa mchomeleaji vyuma na kwa kinu cha posho. Mchomeleaji alikuwa amefunga, ameenda mazishini. Kinu kilikuwa cha Mama Kasyoka, mwanamke mpana aliyejaa unga mpaka kwenye kope, na mbele yake palikuwa na foleni ya Ijumaa, wakati kila nyumba inasaga unga wa wiki.

Nilimsalimu kwa Kikamba, nikamweleza shida yetu yote, na ya mbuzi pia. Alisikiliza bila kusimamisha kinu. Kisha akasema lori litachajiwa, lakini litapanga foleni kama mtu mwingine.

"Hata kama ni la gavana," alisema. "Lete debe."

Kama hamjasaga karibuni niwakumbushe: pale mtu hapangi foleni kwa miguu, anapanga kwa debe. Unaliweka chini nyuma ya debe la mwisho, unaenda kivulini kupiga hadithi, na kila anayemaliza, wa nyuma wanasukuma madebe yao mbele kwa mguu. Mutiso alitafuta kopo tupu la rangi, akaliweka nyuma ya gunia la mama mmoja wa Kiboko. Kwa hiyo lori letu jipya, lililovuka bahari, lilikaa kwenye foleni likiwa kopo la rangi.

Tulikuwa kivulini muda mrefu. Tuliletewa muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, yamepikwa na maharagwe, na nilikula kama mtoto aliyerudi kutoka bodingi. Wale wanawake waliposikia habari za ntheo, shughuli ikawa yao. Mmoja alijua jirani mwenye mbuzi, mwingine alijua jirani mwenye mbuzi bora. Mbuzi waliletwa, wakatazamwa meno, wakapimwa kwa kuinuliwa. Mmoja alikataliwa kwa sababu sikio lilikuwa limepasuka, mwingine kwa sababu, walisema, ana macho ya mjane. Mwishowe Mutiso akawa na watatu: beberu mweusi mwenye ndevu za chifu, dume jeupe, na wa kahawia aliyekuwa akila kamba yake mwenyewe.

Mama mmoja alimuuliza Mutiso amengoja nini miaka hiyo yote. Akasema kazi. Wakacheka mpaka unga ukapeperuka. Ni Mama Kasyoka aliyemwonea huruma.

"Umechelewa," alimwambia, "lakini mbuzi hajui kusoma kalenda."

Zamu ya kopo letu ilipofika, kinu kilizimwa na waya wetu mnene ukachomekwa. Stima ilikuwa dhaifu. Lori lilikunywa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mama Kasyoka alitupa chumba, na mbuzi wakapewa stoo ya mabua. Jumamosi alfajiri alitaka kinu chake, na sisi tulitaka barabara. Betri ilikuwa imepita nusu kidogo tu.

Emali hadi Kyumvi: Afande

Emali tulichomeka tena, na hapo simu ya Kavinya ilitukuta. Wageni walikuwa wameshaondoka kwao Matuu. Walikuwa na magari mawili na wanakwaya.

Nilitaka tujaze mpaka juu. Mutiso hakubishana. Alienda nyuma akasimama na mbuzi wake, mkono juu ya mgongo wa yule beberu, akiangalia barabara. Nilivumilia nikashindwa, nikachomoa waya kabla ya wakati. Nilipiga hesabu kwamba itatosha hadi Iveti. Ingetosha, kama njia ingekuwa tambarare na mbuzi wangekuwa wepesi.

Vilima vya Salama tulivipanda bila kelele, tukipita malori makubwa yanayotoa moshi na kuunguruma. Kusema kweli yalinitia wivu. Yale yanafanya kazi na kila mtu anajua yanafanya kazi.

Karibu na Kyumvi tukasimamishwa na polisi. Afande alikuja dirishani, akaniambia nisizime gari katikati ya njia, niwashe nisogee pembeni. Nikamwambia imewaka. Akaniambia nisimfanye mjinga. Nikakanyaga kidogo, lori likasogea hatua moja, naye akaruka kando. Kisha akarudi, akainama, akaweka sikio kwenye mlango kama daktari. Hapo yule mbuzi wa kahawia akalia.

"Sawa," alisema afande. "Sasa nimesikia injini."

Akamwita mwenzake naye aje asikilize. Mwenzake akataka kujua kama linaweza kuvuka maji bila kurusha watu stima. Maswali yalikuwa mengi, na kwa kawaida ningeyafurahia. Ni Mutiso aliyeinama upande wangu akawaeleza, kwa sauti ya mtu anayeungama, hawa mbuzi ni wa nini na wanatakiwa wapi.

Afande alisimama wima. "Hiyo ntheo ni ya leo? Na umekaa hapa unaongea na mimi?" Akasimamisha basi lililokuwa likija ili sisi tupite.

Iveti: Lango

Machakos mjini tulipita bila hata soda. Njia ya Iveti inaanza kupanda mara tu mji unapoisha, na pale kwenye kona za kwanza ile namba ya chaji ikageuka nyekundu. Kona chache juu zaidi, ikatokea picha ya kobe. Fundi wa yadi alikuwa amenieleza kuhusu huyo kobe: akitokea, lori litatambaa mpaka lichoke, na likichoka limechoka.

Tukatambaa. Watoto walitupita kwa miguu.

Lazima niwaeleze jinsi tulivyotakiwa kufika. Baba mdogo wetu Kioko, mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wetu, naye alikuwa ametangulia kutungojea langoni. Tulitakiwa kusimama nje, kushusha mbuzi, kubisha na kungoja tukaribishwe, kisha kuingia kwa miguu. Kungoja huko kuna kazi yake. Ndio wakati ambapo mama mkwe anaondoka uani. Kati ya mama mkwe na mkwewe kuna nthoni, ile haya ya kutoonana uso kwa uso. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Wengi siku hizi wameilegeza, lakini mama yake Kavinya ni wa zamani. Katika miaka yote hiyo hakuwa amemtazama Mutiso usoni hata mara moja. Alimjua kwa kikohozi.

Kwa kawaida hakuna shida. Gari likipanda Iveti linasikika tangu bondeni, na mama ana muda wa kumaliza kazi yake, kukunja mkeka na kuingia ndani.

Nilimwona Baba mdogo Kioko langoni akiinua fimbo tusimame. Lango liko kwenye mteremko mkali. Nikisimama pale na huyo kobe, sitaondoka tena, na nitakuwa nimeziba njia ambayo wageni watapitia. Ndani niliona nyumba, na kwenye nyumba niliona waya wa stima. Sikufikiria kingine. Nikampungia Kioko mkono, nikampita, nikaingia uani.

Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, ametupa mgongo, anapepeta mbaazi. Hakusikia chochote. Lori lilifika karibu naye kiasi kwamba Mutiso, dirisha likiwa wazi, angeweza kumgusa bega. Mbuzi wa kahawia akalia. Mama akageuka.

Walitazamana. Ulikuwa muda mfupi sana, lakini nyuso zote mbili nilizionea huruma. Kisha ungo ukaruka, mbaazi zikamwagika ua mzima, leso ikafunika kichwa, na mlango wa jikoni ukafungwa kwa kishindo. Nilipomgeukia kaka yangu sikumwona. Mtu mzima mwenye mvi alikuwa ameingia chini ya dashibodi.

Ua: Mbuzi wa aibu

Chini ya turubai walikuwa wamekaa wazee. Mzee Ndolo, mwembamba, mwenye kofia, alikuwa katikati yao. Aliyesema ni mdogo wake, Mzee Musau, anayeijua mila kama wengine wanavyoijua Biblia, na kwa moyo uleule. Alisema kabla ya neno lolote, mkwe aliyemtazama mama mkwe usoni atoe mbuzi wa kuondoa aibu.

Nilijaribu kumtetea Mutiso. Nilisema kosa si lake, kosa ni la lori, ndilo lisilo na sauti.

"Basi lori litoe mbuzi," alisema Musau.

Kioko alibishana mpaka sauti ikakauka. Haikusaidia. Dume jeupe lilichukuliwa likafungwa mlangoni mwa jikoni. Mutiso akabaki na mbuzi wawili, na wawili si ntheo. Kavinya alikuja akasimama karibu naye, akimtoa majani ya mabua kwenye koti. Simu ya Kioko ikalia: wageni wako Machakos mjini, wanakunywa soda. Majirani wenye mbuzi walikuwa wamewapeleka malishoni ng'ambo ya mlima. Lori lilikuwa limekufa kabisa katikati ya mbaazi.

Mzee Musau alisema hakuna haraka. Ntheo inaweza kuletwa vizuri, kwa utulivu. Kuna Desemba.

Mutiso alivua koti, akalikunja, akaliweka kwenye kiti cha lori. Akaniuliza wapishi wako upande gani.

Hapo dirisha la jikoni likafunguka kidogo, na sauti ya mama mkwe ikamwita Mwende. Mwende aliingia amevaa nguo yake mpya ya siku yake. Walinong'ona kwa muda. Alipotoka, alifungua kamba ya lile dume jeupe akasimama nalo mbele ya wazee.

"Susu anasema, mbuzi wa aibu ni wa nani?" aliuliza kwa niaba ya nyanya yake. "Ni wa wazee ama ni wa yule ameaibishwa?"

Musau alikubali, kwa shida, kwamba ni wa aliyeaibishwa.

"Susu anasema amenipa mimi."

Akapita katikati yetu na mbuzi wake, akitembea juu ya mbaazi kwa viatu vipya, akatoka nje ya lango. Akasimama barabarani. Akaita, "Baba, kuja uchukue mbuzi yako."

Mutiso alitazama wazee, akamtazama Kavinya, akaenda.

Mzee Musau alikuwa ameshasimama. Alisema haijawahi kuonekana, mtoto kumsaidia baba kumwoa mama yake. Na kama ntheo haijatolewa, mtoto ni wa boma hili, na mbuzi wake ni wa boma hili, na boma haliwezi kujilipa. Kwa kweli hesabu yake ilikuwa sawa. Wote tukamgeukia Mzee Ndolo.

Mzee aliisogeza kofia yake, akaangalia upande wa lango, ambako Kioko alikuwa ameshawaondoa haraka wale mbuzi wengine wawili kwenye lori na kuwatoa nje.

"Musau, mimi macho yangu ni ya uzee," alisema. "Naona mtu mmoja ako kwa lango na mbuzi tatu. Kabla ya hapo sijaona kitu." Akanyoosha kidole langoni. "Huyo mtu anaitwa Mutiso. Mwambie aingie."

Waliingia kwa miguu, kama inavyotakiwa, baada ya kubisha na kukaribishwa. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa, na safari hii Mutiso alikohoa mara tatu kabla ya kupita karibu nao. Beberu mwenye ndevu za chifu alichinjwa palepale, na Mutiso mwenyewe alisaidia kuchuna. Mimi niliomba mahali pa kuchomeka waya. Dirisha la jikoni likafunguka, mkono mmoja wa mama mkwe ukatoka, ukachukua plagi, ukarudi ndani. Stima ya jikoni ni ndogo, ingechukua mpaka kesho yake, na ndiyo maana nilikuwepo kwa yaliyofuata.

Magari ya wageni tuliyasikia tangu bondeni, na kwaya ndani yake. Walisimama nje ya lango, wakaimba, wakangoja, wakakaribishwa. Walipokaa, msemaji wao, mzee mnene mwenye maneno matamu, alisema wamepotelewa na mtamba, wamefuata nyayo tangu Matuu, na nyayo zimeingia boma hili. Kisha akauliza wazungumze na nani. Mwenye mtoto ni nani?

Macho ya watu yalienda kwa Mzee Ndolo, maana ndivyo habari ilivyokuwa imetangazwa. Mzee alivuta kiti kilichokuwa kando yake, akakipigapiga kwa kiganja.

Mutiso alitoka nyuma ya nyumba, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye viwiko, na damu ya mbuzi kwenye kiatu. Akakaa. Aliangalia mikono yake, akasema kitu ambacho hatukukisikia. Msemaji wa wageni akamwomba kwa upole arudie.

"Ni mimi," alisema Mutiso. "Mimi ndiye baba yake."

Kigelegele cha kwanza kilitoka jikoni, nyuma ya mlango uliofungwa.